MTANDAO WA KIKUNDI: NANI ANASHIKA UFUNGUO?



Somo la leo ni la vikundi ambavyo vimeweka waifai katika jumba la mikutano, katika duka la kikundi au katika ofisi ya mradi wa maji. Vikundi vya namna hii vinaongezeka, na si kwa anasa. Siku hizi kijana anaomba mkopo wa chuo kwa mtandao. Mwenye PIN ya kodi anapeleka ripoti yake kwa mtandao kabla ya tarehe 30 Juni. Mkulima wa parachichi anataka kujua bei kabla dalali hajafika shambani. Basi wanachama wanachanga, wanaweka laini moja, na wote wanaitumia.

Kuweka laini ni rahisi. Kuitunza ndiyo kazi. Sisi wenyewe tulijifunza kwa aibu, na tutawaeleza bila kuficha.

YALIYOTUPATA

Kikundi chetu, upande wa Imenti Kusini, kina wanachama 28. Wenye simu za kuingia intaneti ni 12 tu. Tulikuwa tunanunua bando la gigabaiti 50 kwa mwezi. Miezi miwili ya kwanza lilitosha. Mwezi wa tatu likaisha siku ya 9. Tukachanga tena, likaisha tena kabla ya wiki mbili.

Maneno yakaanza. Wengine walinong'ona kwamba mama mweka hazina hanunui bando lote, ananunua dogo na kubaki na pesa. Wengine wakasema kijana wa karani anatazama mpira usiku. Siku ya mkutano mzee mmoja alisimama akasema wazi, "Mama, sisi hatukushtaki, lakini tueleze. Pesa tulitoa. Bando liko wapi?" Mama akatoa risiti zake zote. Bado watu walitazamana. Ilibaki kidogo tu anyang'anywe ufunguo wa sanduku, baada ya miaka sita ya kazi bila senti kupotea.

Hapo kijana mmoja anayetengeneza simu sokoni, mwanawe mwanachama, akaomba ruhusa ya kufungua ukurasa wa kile kifaa kilichokuwa ukutani. Akatuonyesha orodha ya simu zilizoshikana na mtandao wetu jioni ile. Zilikuwa 41.

Simu 41, na sisi wenye simu tuko 12! Tulipotoka nje tukaona. Vijana wa bodaboda walikuwa wameegemea ukuta wa jumba, kila mmoja na simu yake. Tukawauliza. Wakajibu kwa heshima kabisa, "Wazee, tulipewa namba na mtoto wa shule. Hakuna mtu alitukataza." Na kweli, neno la siri lilikuwa limeandikwa chini ya kifaa tangu kiwandani, na mtoto yeyote aliyeingia jumbani aliweza kulisoma.

Karani akapiga hesabu ubaoni. Gigabaiti 50 kuisha kwa siku 9 ni kama gigabaiti 5 na nusu kwa siku. Ukigawanya kwa simu 41, kila simu ilikula megabaiti 135 tu. Hakuna aliyekula sana. Kisha akageuza hesabu: simu zetu 12, kila moja megabaiti 135 kwa siku, kwa siku 30, ni gigabaiti 48 na kitu. Yaani bando letu lilikuwa linatosha mwezi mzima.

Mama mweka hazina hakusema mengi. Alisema, "Mimi nilijua sina kosa. Sikuwa na ushahidi." Tuliinama. Ndiyo sababu tunaandika somo hili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtandao pia ni mali ya kikundi, na daftari lake liko ndani ya kile kifaa.

KIFAA HIKI NI NINI?

Wengi wetu tunajua miradi ya maji. Maji yanatoka mtoni juu mlimani, yanapita bomba kubwa, yanafika tangi, halafu yanagawanywa kwa mabomba madogo hadi bomani. Kwenye tangi pana valvu, na valvu ina mtu wake.

Intaneti ni vivyo hivyo. Laini ya kampuni ndiyo bomba kubwa. Rauta ndiyo tangi lenye valvu: inagawa na inahesabu. Kituo cha waifai, ambacho mafundi wanakiita aksesi pointi, ndicho bomba la mwisho, isipokuwa hiki kinamwaga hewani kwa mawimbi ya redio. Mara nyingi rauta na kituo viko ndani ya kasha moja lenye antena.

Fundi akishaweka kasha, huwa anaacha mipangilio ya kiwandani. Taa zinawaka, simu zinashika, anaenda zake. Ni kama kuacha valvu wazi na kibanda bila kufuli.

KABLA YA KUANZA

Chagueni watu watatu: mmoja wa kamati, mweka hazina, na kijana anayejua simu au kompyuta. Kijana asifanye peke yake. Si kwamba hatumwamini, bali akipata kazi Nairobi, maarifa yasiondoke naye.

Tafuteni daftari jipya. Kila mnachobadilisha kiandikwe: tarehe, kilichokuwa, kilichowekwa.

Unganisheni kompyuta au simu na kifaa. Kompyuta ikiunganishwa kwa waya ni bora, kwa sababu mkibadilisha waifai hamtakatika katikati ya kazi. Fungueni programu ya kusomea intaneti, na mahali pa anwani andikeni namba ya kifaa. Kwa vingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Imeandikwa chini ya kasha. Maneno kwenye kioo yatakuwa ya Kiingereza na kila kampuni ina mpango wake, lakini mtakuta sehemu ya Wireless na sehemu ya Advanced. Msiogope. Badilisheni kitu kimoja, jaribuni, ndipo muende kwa kingine.

HATUA KWA HATUA

1. Badilisheni neno la siri la msimamizi. Angalieni hapa, watu wengi wanachanganya. Kuna maneno mawili ya siri. Moja ni la kuingia kwenye mtandao. La pili ni la kuingia ndani ya kifaa na kubadilisha mipangilio. La pili ndilo ufunguo wa kibanda cha valvu. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa na neno admin, na kila mjanja analijua. Akiingia huko anaweza kuwafungia nje ninyi wenyewe, au kuelekeza simu zenu kwa kurasa za uongo zinazofanana na za benki. Wekeni neno refu. Liandikeni kwa karatasi, bahasha ifungwe kwa gundi na kusainiwa, iwekwe ndani ya sanduku la kikundi, lile la kufuli tatu. Akitaka kuifungua, watatu wawepo.

Hapo hapo zimeni ruhusa ya kusimamia kifaa kutoka nje kupitia intaneti. Msimamizi awe mtu aliye jumbani.

2. Chagueni ulinzi wa mawimbi. Mtaona WEP, WPA, WPA2 na WPA3. WEP ni kufuli ya plastiki, ilivunjwa tangu mwaka 2001. Chagueni WPA2 yenye AES. Kama kifaa kina WPA3, iliyotoka mwaka 2018, chagueni ile ya kuchanganya WPA2 na WPA3 ili simu za zamani nazo ziingie. Neno la siri liwe la maneno manne au matano ya kawaida yaliyounganishwa, ambayo mama anaweza kukumbuka lakini mgeni hawezi kubahatisha. Jina la kikundi na mwaka wa kuandikishwa halifai.

3. Zimeni WPS. Hiki ni kitufe cha kuunganisha simu haraka. Nyuma yake kuna namba ya tarakimu 8. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba namba hiyo hukaguliwa nusu nusu, kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Kompyuta inafanya hayo kwa saa chache. Wacha iwe imezimwa.

4. Wekeni mtandao wa wageni. Tafuteni palipoandikwa Guest Network. Kifaa kimoja kitarusha majina mawili: la wanachama na la wageni. Mgeni atapata intaneti, lakini hataona kompyuta ya karani wala printa. Washeni pia kipengele cha kutenganisha simu za wageni zisionane. Mgeni mwenye simu yenye virusi asisumbue jirani yake.

5. Gawanyeni nguvu ya laini. Tuseme laini yenu ni ya megabiti 10. Mnaweza kuwapa wageni 3 na wanachama 7. Vifaa vingi vina sehemu ya kuweka kipimo hiki, na vingine vina saa ya kufungua na kufunga. Sisi mtandao wa wageni hufungwa saa mbili usiku. Kumbukeni: kipimo hiki kinapunguza kasi, hakihesabu bando. Filamu moja inaweza kula gigabaiti nzima hata ikija polepole. Kwa hiyo kama bando lenu lina mwisho, tazameni hesabu ya matumizi kila wiki na kuiandika daftarini.

6. Chagueni chaneli. Mnajua soko la Gakoromone siku ya watu wengi. Wauzaji watatu wakisimama pamoja, kila mmoja na kipaza sauti, hakuna anayesikika. Waifai nayo inasema kwa chaneli. Katika masafa ya 2.4 kuna chaneli 13, lakini zinalaliana. Tatu ambazo hazigusani ni 1, 6 na 11. Kuna programu za bure za simu zinazoonyesha majirani wako kwa chaneli gani. Jirani mwenye duka akiwa kwa 6, ninyi nendeni kwa 1 au 11. Msijifanye wajanja mkachagua 3 au 4. Hapo mtapigana na jirani wa 1 na jirani wa 6 kwa pamoja. Upana wa chaneli katika masafa haya uwe 20, usiwe 40, kwa sababu 40 inameza karibu uwanja wote.

Masafa ya 5 ni ya kasi zaidi na yana nafasi kubwa, lakini hayapiti ukuta vizuri wala hayaendi mbali. Yafaa kwa walio ndani ya chumba kimoja. Kama kifaa chenu kina yote mawili, washeni yote. Na mahali pa kuchagua nchi, andikeni Kenya, ili kifaa kifuate masafa yanayoruhusiwa hapa.

7. Nguvu ya kurusha isizidishwe bure. Mtu atasema, "Ongezeni nguvu ifike mpaka kwa mlima!" Fikirini mtu wa kipaza sauti na mtu asiye nacho. Wewe unamsikia wa kipaza sauti kutoka mbali, lakini yeye hakusikii ukijibu. Kituo kikirusha kwa nguvu, simu itaonyesha vijiti vyote, lakini simu yenyewe ni dhaifu, jibu lake halifiki. Ndiyo maana unaona waifai imejaa na hakuna kitu kinafunguka. Dawa ni kusogeza kifaa. Kiwekeni juu, katikati ya jumba, mbali na mabati na tangi la maji. Chuma hurudisha mawimbi, na maji huyanyonya. Kifaa kilichokuwa kwetu kilikuwa nyuma ya kabati la chuma. Tulikitoa, tukapata faida kuliko antena yoyote ya kununua.

8. Angalieni namba za kugawia simu. Hapa vikundi vingi hulaumu kampuni bure. Kila simu ikiingia hupewa namba yake na kazi inayoitwa DHCP. Tuseme kifaa kimepangwa kugawa kutoka 100 hadi 149. Hizo ni namba 50. Na tuseme kila namba inashikwa kwa saa 24. Siku ya soko, watu 50 wanapita asubuhi na kwenda nyumbani. Namba zao bado zimeshikwa, kama kiti kilichowekewa kofia na mwenyewe hayupo. Mwanachama akija saa nane anakataliwa, na jumba ni tupu! Dawa: panueni kutoka 100 hadi 249, mpate namba 150, na muda wa kushika uwe saa moja au mbili.

JUMBA LIKIWA KUBWA

Kama mna chumba cha pili ambacho mawimbi hayafiki, mnaweza kuongeza kituo cha pili. Kivuteni kwa waya kutoka rauta ya kwanza, usiozidi mita 100. Katika kituo cha pili chagueni hali ya aksesi pointi, au zimeni DHCP yake na kuchomeka waya katika tundu la LAN. Matangi mawili yakigawa namba kwa wakati mmoja, simu zitachanganyikiwa. Kipeni anwani yake, mfano 192.168.1.2 kama ya kwanza ni 192.168.1.1. Jina la waifai na neno la siri viwe vile vile, lakini chaneli tofauti, mmoja 1 na mwingine 6. Hapo mtu anatembea na simu inahama yenyewe.

MAMBO YANAYODANGANYA

Kuficha jina la waifai. Hii si kufuli. Jina bado linasikika hewani kila simu ya mwanachama inapoingia, na programu za bure hulionyesha. Ni kama kutoa kibao cha duka na kuacha mlango wazi.

Kuandikisha simu moja moja. Kila simu ina namba yake ya kifaa, na unaweza kuagiza kituo kikubali zile tu mlizoandika. Lakini namba hiyo inaweza kuigwa. Tena simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu mwaka 2020, hutumia namba ya kubuni kwa kila mtandao. Mtasumbuka bure.

Kuacha kusasisha. Mwaka 2017 mtafiti wa Ubelgiji, Mathy Vanhoef, alionyesha ufa katika WPA2 yenyewe. Kampuni zikatoa marekebisho, lakini yanasaidia tu aliyeyaweka. Angalieni kila miezi mitatu kama kuna programu mpya ya kifaa, na stima isizimwe kazi ikiendelea.

Mkimaliza yote, hifadhini nakala ya mipangilio katika kompyuta ya karani. Mtu akibonyeza kile kitundu cha nyuma kwa sekunde kumi, kila kitu kinarudi cha kiwandani, na admin anarudi. Mkiwa na nakala, ni kazi ya dakika tano. Na wakati wa radi chomoeni waya wa stima na wa laini. Radi haina nakala.

SHERIA KIDOGO

Kugawia wanachama ndani ya jumba lenu ni jambo moja. Kuvuta mtandao mpaka manyumbani na kuuza ni jambo lingine. Mikataba mingi ya laini inakataza kuuza tena, kwa hiyo someni wenu. Mkitaka kufanya mradi wa kijiji kizima, njia ipo: mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii. Wenzetu wa TunapandaNET kule Kibera wameunganisha shule na vituo vya vijana, kwa hiyo si ndoto.

Na ile orodha ya simu ndani ya kifaa ni habari za watu. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, si halali kuisambaza ovyo. Itazameni kwa kazi ya kikundi tu, si kwa kuchunguza nani alikuwa jumbani na nani.

TULIVYOMALIZA

Vijana wa bodaboda hatukuwafukuza. Wengi ni watoto wetu, na ndio wanaobeba maziwa yetu asubuhi. Tuliketi nao. Sasa wanatumia mtandao wa wageni, kwa kipimo, na wanatoa mchango mdogo kila wiki. Unaandikwa daftarini kama wa mwingine yeyote. Mwezi uliofuata bando lilifika siku ya 29.

Mkutano uliofuata, yule mzee alisimama tena mbele ya watu wote, akamwomba mama mweka hazina radhi. Mama akampa mkono. Bado yeye ndiye anashika ufunguo, na bahasha iko ndani ya sanduku.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, nani anajua neno la siri la msimamizi? Akisafiri leo, tutafanya nini?

2. Ni simu ngapi zimeshikana na mtandao wetu sasa hivi? Hebu tuhesabu kabla ya kuondoka.

3. Gawanyeni bando lenu kwa siku 30, halafu kwa idadi ya simu. Linatosha?

4. Je, tumewahi kumshuku mwenzetu kabla ya kutafuta ushahidi? Tulirekebishaje?

KAZI YA WIKI HII: Watatu mliowachagua wafanye hatua ya 1 na ya 2 kabla ya mkutano ujao, na walete daftari mbele ya wote.